Samaki wenye safari: trauti wa Mlima Kenya, lumbu wa Tanganyika na sambaza wa Kivu

KALEMIE. Kwenye soko la samaki la Kalemie, jina moja linaweza kuleta mabishano. Mama aliyehama kutoka upande wa Bukavu anaonyesha fungu la samaki wadogo wenye kung'aa na kuuliza bei ya sambaza. Muuzaji, mzaliwa wa hapa, anajibu ya kwamba yeye hana sambaza, ana lumbu. Wote wawili wana haki. Samaki ni mmoja. Sambaza wa Ziwa Kivu ni lumbu wa Ziwa Tanganyika, na hakufika Kivu kwa kuogelea. Alibebwa na watu, miaka michache tu kabla ya uhuru wa Kongo.

Habari hiyo ina ndugu yake mkubwa, nayo ilianza mbali na hapa, kwenye mito ya baridi ya Ulaya. Ni habari ya samaki aitwaye trauti, ambaye Wabelgiji na Wafaransa humwita truite. Yeye naye alibebwa, akapandishwa kwenye milima ya Kenya, na bado yuko kule. Ukiweka safari hizi mbili kando kando, unaona jambo ambalo linagusa moja kwa moja familia zinazoishi kwa ziwa leo, za wenyeji na za wahami: samaki anaweza kuzoea maji mapya upesi, lakini kama atalisha watu au hatawalisha, hilo linategemea alileteshwa kwa ajili ya nani na sheria ya maji ile inamlinda nani.

Samaki wa maji ya baridi

Trauti ni samaki wa maji ya baridi, yenye kukimbia na yenye hewa nyingi. Maji yakipita kama digrii 20 anaanza kuchoka, na yakiendelea kupanda anakufa. Yule wa rangi ya kahawia asili yake ni Ulaya. Yule mwenye mstari wa rangi kama upinde wa mvua ubavuni asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini.

Chakula chake kikubwa ni wadudu: wale wanaoishi chini ya mawe mtoni wakiwa wachanga, kisha wanapanda juu, wanatoka mabawa na kuruka. Ndiyo maana wazungu walibuni uvuvi wa namna yake. Mvuvi anachukua ndoano ndogo, anaifunga uzi na manyoya ya ndege mpaka ifanane na mdudu. Haina nyama wala mnyoo. Kwa sababu kitu hicho ni chepesi sana, hakiwezi kutupwa chenyewe. Ni uzito wa mshipi ndio unaokibeba, na mvuvi anaupeleka mbele na nyuma hewani kwa fimbo ndefu yenye kupindika, mpaka inzi huyo wa bandia atue juu ya maji polepole kama mdudu wa kweli.

Uvuvi huo una majira yake. Trauti wa Ulaya anataga wakati wa baridi kali, na mito inafungwa ili mayai yasikanyagwe na wazazi wasivuliwe. Huko Ufaransa, kwa mito yenye trauti, kufunguliwa ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa 3, na kufungwa ni Jumapili ya tatu ya mwezi wa 9. Siku ya kufunguliwa ni kama sikukuu. Lakini wavuvi wenye akili wanajua ya kama majuma ya kwanza ni magumu. Theluji ya milimani inayeyuka na kuingia mtoni, maji yanakuwa ya barafu, na trauti analala chini karibu na mawe bila hamu ya kula. Anayefika alfajiri anarudi mikono mitupu. Anayengoja jua la adhuhuri liwapashe wadudu moto, na kuzamisha ndoano yake mpaka chini, huyo ndiye anayepata kitu. Kwenye maziwa ya milimani kungoja ni kurefu zaidi, mpaka barafu iliyofunika maji ivunjike.

Mayai ndani ya barafu

Wazungu walipokwenda kukaa katika nchi za mbali, walitaka kuwa na trauti wao. Shida ilikuwa safari. Samaki mzima hawezi kuvumilia miezi ya meli kupitia bahari ya joto. Basi wakabeba mayai. Mwaka wa 1864, meli iliyoitwa Norfolk ilitoka Uingereza ikiwa na mayai yaliyopangwa ndani ya masanduku yenye kuvu mbichi ya porini na kuzungukwa na barafu, ili yasianguliwe njiani. Yalifika Australia, yakapelekwa kisiwa cha Tasmania, na baadhi yakaanguliwa. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa kupeleka trauti upande wa kusini wa dunia. Mwaka wa 1890 mayai yalifika Natal, Afrika ya Kusini.

Aliyemleta trauti Kenya alikuwa amekwisha pita kwenye maji yetu. Jina lake Ewart Grogan, Mwingereza mwenye kujulikana kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri, aliyoianza mwaka wa 1898. Katika safari ile alifika Ujiji, akafuata Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, akapanda bonde la Rusizi mpaka Ziwa Kivu. Kiisha akawa mlowezi tajiri huko Kenya. Mwaka wa 1905 alileta trauti wa Loch Leven, ziwa la Uskoti, akawatia katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliiita Aberdare.

Maji yale yaliwafaa. Mito inayotoka Nyandarua na Mlima Kenya inashuka kutoka mahali pa juu sana, na hata kwenye mstari wa ikweta inabaki baridi mwaka mzima. Trauti wa Ulaya alishika makao, na yule wa Amerika akaletwa nyuma yake. Wakatiwa katika mito mingine kama Thego, Naro Moru na Burguret, na katika maziwa ya juu ya Mlima Kenya, kama Rutundu, ambako hapo mbele hapakuwa na trauti hata mmoja.

Kule hakuna theluji ya kufunga mito wala mwezi wa 3 wa kuifungua. Majira ya Mlima Kenya yanatangazwa na mvua. Mvua kubwa ikianza, kati ya mwezi wa 3 na wa 5, mito inajaa udongo, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na trauti haoni tena kinachoelea juu yake. Mvuvi wa inzi wa bandia anangoja. Maji yakianza kusafika, majuma ya kwanza ndiyo mazuri, kwa sababu samaki wana njaa na bado hawajaogopeshwa.

Sheria ya trauti

Lakini trauti wa Kenya hakuletwa ili kulisha watu wa Kenya. Aliletwa ili walowezi wapate mchezo waliouacha kwao. Sheria ilifuata nia hiyo. Mwenye kutaka kuvua trauti alidaiwa leseni, na alipaswa kutumia ndoano ya inzi wa bandia peke yake. Kutega vikapu, kuweka nyavu, kuvua kwa mnyoo kama mtoto yeyote wa kijiji anavyofanya, hayo yote yalihesabiwa kuwa wizi wa samaki.

Wakikuyu wa pande zile, kwa desturi yao ya zamani, hawakuwa walaji wa samaki. Hilo lilifanya mambo yaonekane mepesi mwanzoni: mto ulikuwa na samaki wa wageni, na wenyeji hawakumtafuta. Ila mto ule ule ndio waliotekea maji na kunyweshea mifugo. Kidogo kidogo sheria juu ya samaki ikawa pia sheria juu ya nani anaweza kusimama ukingoni, saa gani na akiwa na nini mkononi. Mtu wa kijiji aliweza kuwa mbeba mizigo wa mvuvi, au mlinzi wa mto mwenye kumkamata jirani yake. Kuwa mvuvi mwenyewe kulimtaka leseni, fimbo na mshipi, vitu ambavyo mshahara wake haukuvifikia.

Kipimo cha heshima ya samaki huyo kinaonekana katika jambo moja. Serikali ya koloni ilipotaka kumpa zawadi ya ndoa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ilimpa nyumba huko Sagana, kando ya mto wenye trauti, chini ya Mlima Kenya. Alikuwa katika nyumba hiyo, tarehe 6 Februari 1952, alipopashwa habari ya kwamba baba yake amekufa na kwamba yeye sasa ni malkia. Mwaka huo huo, mwezi wa 10, serikali ilitangaza hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa mahali pa vita vya Mau Mau. Wapiganaji walijificha kando ya mito ile ile ya trauti.

Baada ya uhuru wa Kenya, mwaka wa 1963, trauti hakuondoka. Kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kinaendelea kuangulia mayai na kukuza vifaranga wa kutiwa mitoni na kuuzwa kwa wafugaji. Leo kuna Wakenya wanaofuga trauti katika mabwawa yanayopitiwa na maji ya mlima, wanaomuuza kwa mahoteli, na wanaoongoza watalii mitoni. Samaki wa mchezo ameanza kuwa samaki wa kazi. Ilichukua zaidi ya nusu ya karne.

Lumbu anapanda mlima

Hakuna haja ya kuota trauti huko Kalemie. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, na maji yake ya juu yana joto la digrii 24 na zaidi mwaka mzima. Trauti angekufa. Ziwa lina samaki wake wenyewe, na wengi wao hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Kwa chakula cha kila siku, wakubwa ni watatu: ndagala, lumbu, na mikebuka mwenye kuwafuata na kuwala, ambaye watu wa Uvira humwita mikeke.

Tangu zamani za mababu, ndagala na lumbu walivuliwa usiku kwa mwanga. Mwanzoni ulikuwa moto uliowashwa mbele ya mtumbwi, na wavu wa mkono ulioitwa lusenga. Zikafuata taa za mafuta, kisha taa za batri. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta mashua kubwa na nyavu za kuzungusha. Kwa sababu ya kutumia mwanga, ziwa lilikuwa na majira yake bila sheria ya serikali: mwezi ukijaa, taa haina nguvu tena, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wanabaki ukingoni kushona nyavu.

Ziwa Kivu ni jirani wa juu. Liko mita 1,460 hivi, na maji yake yanashuka kwa mto Rusizi mpaka Tanganyika. Lakini Rusizi unapita kwenye magenge na maporomoko ambayo samaki mdogo wa ziwani hawezi kuyapanda. Tena Kivu ni ziwa lililobadilishwa na volkeno za Virunga, ambazo ziliziba njia ya maji ya zamani kwenda kaskazini. Likabaki na samaki wa aina chache, karibu wote wakikaa kandokando. Katikati ya ziwa kulikuwa na vidudu vingi vidogo vya majini, na hakuna samaki wa kuvila. Wakaaji wengi wa milima ile walikuwa na ziwa mbele ya macho na samaki kidogo sana kwenye sahani.

Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, watumishi wa uvuvi wa serikali ya Wabelgiji walijaribu dawa. Walichukua vifaranga vya ndagala na vya lumbu kutoka Tanganyika na kuvipandisha mpaka Kivu. Kazi haikuwa nyepesi. Samaki wa jamii hii ni dhaifu. Ukimshika tu magamba yanatoka na anakufa. Mayai ya trauti yalilala miezi ndani ya barafu, lakini kifaranga cha ndagala hakingoji. Kilipaswa kufika upesi na kikiwa hai.

Kiisha uhuru ukafika, na fujo za miaka ya 1960, na watu wakasahau. Ndagala hakushika maisha kule. Lumbu alishika. Alienea kimya kimya ziwa zima, upande wa Kongo na upande wa Rwanda. Mwisho wa miaka ya 1970, mradi wa Umoja wa Mataifa ulianza kule Gisenyi kufundisha namna ya kumvua usiku kwa taa, mambo ambayo mvuvi wa Kalemie au Moba aliyajua tangu utoto. Watu wa Kivu wakaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakatundika taa na wavu katikati, na kwenda kazini wakiimba. Samaki akapata jina jipya: sambaza.

Hakubaki hapo. Mwaka wa 1967 na 1968 lumbu wa Tanganyika alipelekwa pia katika ziwa la Kariba, nyuma ya kizuizi cha mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko wanamwita kapenta. Kutoka Kariba alishuka mwenyewe na maji mpaka Cahora Bassa, Msumbiji. Leo samaki mwenye asili ya ziwa hili anapikwa Bukavu, Goma, Lusaka na Harare, na walaji wengi hawajui alitoka wapi.

Safari hiyo ilikuwa na bei yake. Katika Kivu, aina moja kubwa ya vile vidudu vya maji ilitoweka baada ya lumbu kufika. Huko Kenya pia, mito iliyotiwa trauti haikubaki kama ilivyokuwa. Kuhamisha samaki ni kubadilisha maji ambayo hayarudi tena nyuma. Ila mtu anayelinganisha safari hizi mbili lazima aseme pia tofauti yao kubwa: lumbu alipelekwa Kivu awe chakula, na mwenye mtumbwi na taa aliweza kumvua. Hakuna aliyesema samaki huyu ni wa wenye fimbo za kizungu peke yao.

Ziwa linapofungwa

Habari hii ya zamani imerudi kuwa habari ya leo kwa njia ya majira. Nchi nne zenye kugawana Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zina mkataba mmoja juu ya ziwa tangu mwaka wa 2003. Katika mpango wao wa kupumzisha ziwa, uvuvi unasimamishwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo mwaka wa 2024. Ni jambo lile lile la mito ya Ulaya: acha samaki azae, kisha fungua.

Sababu zipo. Nyavu ni nyingi, matundu yao yamekuwa madogo, na wavuvi wenyewe wanasema safari ya usiku inarudi na samaki kidogo kuliko zamani. Tena maji yamepata joto. Katika Tanganyika, chakula cha samaki kiko chini, na ni upepo wa kiangazi unaokipandisha juu. Maji ya juu yakipata joto yanakaa kama kifuniko, na chakula kinabaki chini. Wataalamu waliotoa utafiti wao mwaka wa 2003 walisema uzazi wa chakula hicho cha chini kabisa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi.

Lakini Jumamosi ya pili ya mwezi wa 3 huko Ufaransa na tarehe 15 Agosti huko Kalemie hazina uzito mmoja. Mvuvi wa trauti anangoja kufunguliwa kwa mto akiwa na mshahara wake. Mto ukichelewa anakosa furaha. Kwa mvuvi wa Kalemie, kwa mama anayeanika ndagala kwenye mchanga, na zaidi kwa mhami aliyefika bila shamba na kuanza kwa kubeba masanduku ya samaki au kuuza mafungu madogo, miezi 3 ya ziwa lililofungwa ni miezi 3 ya chungu kitupu. Huyu wa mwisho hana jamaa kijijini wa kumtumia mihogo. Kijiji chake ndicho alichokikimbia.

Mito ya Mlima Kenya inafundisha kwamba sheria ya samaki inaweza kuandikwa vizuri, ikalinda samaki kweli, na bado ikamwacha mkaaji wa ukingoni akitazama. Kivu inafundisha kwamba samaki aliyeletwa kwa ajili ya wote, na kazi yake ikafundishwa kwa wote, anaweza kugeuza maisha ya nchi nzima. Tanganyika linahitaji kupumzika, na wavuvi wa kweli hawakatai hilo. Tangu zamani walipumzika mwezi ukijaa. Wanachouliza kwenye mikutano ya ukingoni ni neno moja: katika miezi hiyo mitatu, nani amepanga chakula cha wale wanaokaa nje ya maji?

Swali hilo linawahusu pia wale wanaomwita lumbu sambaza. Wamekuja kutoka ziwa la juu na kukuta ziwa la chini, ambalo samaki wao alitoka. Kalemie ikihesabu nani anaumia ziwa likifungwa, haifai kuwahesabu wavuvi wenye mitumbwi na leseni tu. Yuko pia yule anayenunua fungu moja asubuhi, analigawa mara tatu, na kuliuza jioni ili watoto wale.